Ukolezinuru: Fuwele Haichafuliwi, Hukolezwa

Katika rasimu ya istilahi za fizikia inayozunguka mikononi mwa walimu wa sayansi wa Songea, ambayo nakala yake imenifikia hapa Mshangano, dhana ambayo Waingereza huiita photodoping imepewa jina la uchafuzi-mwanga. Kamati iliyoiandaa haikutaja majina ya wajumbe wake, nami sitayatafuta. Jina lenyewe ndilo ninalolikataa, na jina ninalotaka lishike nafasi yake ni ukolezinuru.

Wasomaji wa makala za namna hii wanaijua dhana, kwa hiyo nitaipitia kwa ufupi. Fuwele ndogo za nusukipitishi, zenye kipenyo cha nanometa chache, humulikwa kwa miali ya urujuanimno. Mwali wenye nishati inayozidi pengo la nishati la fuwele, ambalo kwa oksidi ya zinki ni kama elektronivolti 3.3, huirusha elektroni kutoka ukanda wa valensi hadi ukanda wa upitishaji, na nyuma yake hubaki tundu lenye chaji chanya. Kwa kawaida elektroni hurudi tunduni upesi na mambo huishia hapo. Lakini ethanoli ikiwepo, na hewa ikizuiwa, ethanoli huliziba tundu kwa elektroni yake. Ile iliyorushwa hukosa pa kurudi. Hubaki ndani ya fuwele, ya pili ikafuata, na ya tatu, mpaka fuwele iwe na elektroni huru za kutosha kubadilisha namna inavyofyonza mwanga. Kwa oksidi ya zinki, kazi hii imefanywa sana katika maabara ya Daniel Gamelin kwenye Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Ilka Kriegel na wenzake, wakiwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Italia, mjini Genoa, waliiendeleza kwa oksidi ya indiamu na bati, wakitafuta njia ya kukusanya na kuhifadhi chaji kwa nuru peke yake.

Sasa naiuliza kamati: katika mwenendo huo wote, ni kitu gani kilichochafuka?

Najua walikolitoa neno lao. Nusukipitishi cha kawaida hupewa sifa mpya kwa kuingiziwa atomi ngeni. Silikoni hutiwa fosforasi ili ipate elektroni za ziada, au boroni ili ipate matundu ya ziada. Mmarekani John Woodyard aliomba hataza ya kutia atomi za namna hiyo katika gerimani mwaka 1944, akaipata mwaka 1950, na katikati ya miaka hiyo, mwaka 1947, transista ya kwanza ilitengenezwa katika Bell Labs. Watafiti wa wakati huo walikuwa wamehangaika sana kuisafisha gerimani na silikoni, ndiyo maana chochote kisichokuwa gerimani wala silikoni walikiita uchafu. Jina hilo lilitokana na shida ya maabara zao. Kamati yetu imelipokea bila kuuliza lilitoka wapi, ikalileta kwenye Kiswahili pamoja na aibu yake.

Laiti wangetazama mashariki ya mkoa wetu wenyewe. Tunduru imejulikana duniani kwa vito tangu miaka ya 1990, watu walipomiminika huko kuchimba. Yakuti ni oksidi ya alumini, na oksidi hiyo ikiwa safi kabisa haina rangi. Chuma na titani kidogo huifanya yakuti ya samawati; kromiamu huifanya nyekundu. Kromiamu hiyo hiyo, ikiingia katika jiwe la aina nyingine, huleta aleksandrite, ambayo ni ya kijani mchana na nyekundu chini ya taa, na Tunduru inayo. Mnunuzi wa mawe hulipa zaidi kwa sababu ya hizo atomi ngeni. Akilipenda jiwe husema rangi yake imekolea. Sijapata kumsikia mchimbaji wala dalali akisema jiwe lake limechafuka kwa kromiamu, na nina hakika akisema hivyo hatapata mteja.

Kosa la pili ni zito kuliko la kwanza. Hata tukikubali kwamba fosforasi ndani ya silikoni ni uchafu, katika ukolezinuru hakuna atomi ngeni inayoingia ndani ya fuwele. Kinachoongezeka ni elektroni. Katika oksidi ya zinki, protoni zinazotoka kwenye ethanoli husawazisha chaji, lakini hazihitaji kuvunja mpangilio wa fuwele. Uzuri wa njia hii umo hapo hapo, kwamba hubadilisha sifa za fuwele bila kuiingizia kitu kigeni, na kwamba huweza kurudishwa nyuma. Jina linalosema uchafuzi linamfundisha mwanafunzi kinyume cha jambo analopaswa kulijua.

Kosa la tatu lingeonekana kwa mtu yeyote aliyewahi kusoma habari za mazingira. Uchafuzi wa mwanga una maana yake tayari. Wanaastronomia na wahifadhi wa mazingira hulitumia jina hilo kwa mwanga wa miji unaofunika nyota na kuwapoteza ndege na kasa. Kistari kifupi katikati ya maneno mawili hakitoshi kutenganisha dhana mbili zilizo mbali namna hiyo. Mwanafunzi ataandika uchafuzi-mwanga, mtahini atasoma uchafuzi wa mwanga, na nani atalaumiwa?

Wapo wengine, katika orodha nyingine niliyowahi kuiona, waliopendekeza utiaji dawa kwa nuru. Hao walilifuata neno la Kiingereza doping mpaka kwenye viwanja vya michezo, wakalikuta mikononi mwa wanariadha waliofungiwa, wakadhani hapo ndipo kwao. Hapo sipo. Neno dope Kiingereza kimelipata kwa Waholanzi. Kiholanzi kina kitenzi dopen, kuchovya, na jina doop. Hadi leo Mholanzi hutumia doop kwa ubatizo, kwa kuwa kubatiza ni kuchovya majini, lakini neno lililovuka kwenda Marekani katika karne ya 19 lilikuwa na maana ya mchuzi, kitoweleo cha kuchovyea. Kutoka hapo likapanuka. Likawa kila kitu kizito cha majimaji, grisi ya mashine ikiwemo. Likawa kasumba iliyopikwa mpaka ikawa nzito kwa ajili ya kuvutwa. Likawa dawa waliyopewa farasi wa mashindano. Mwanzoni mwa karne ya 20 likawa pia rangi iliyopakwa kwenye vitambaa vya mbawa za ndege ili vikaze. Wanafizikia walikuja mwisho kabisa, wakalichukua likiwa limeshabeba maana hizo zote.

Mwenye kutafsiri kwa dawa amechukua kituo kimoja cha safari ndefu, tena kile chenye fedheha. Mwenye kutafsiri kwa uchafu hakugusa kituo hata kimoja. Ukiirudia njia yote hadi chanzo, unafika kwenye mchuzi. Na Kiswahili kina kitenzi kamili cha kazi hiyo: kukoleza.

Koleza ni kitendeshi cha kolea, kama poteza ilivyotokana na potea, eneza na enea, legeza na legea. Kolea ni kufikia nguvu inayostahili. Mboga imekolea chumvi. Chai imekolea majani, na kahawa ya Mbinga ikikolea huhitaji maelezo. Lakini neno halikubaki jikoni. Rangi hukolea. Usingizi humkolea mtu. Ngoma ikikolea, wachezaji hawahisi tena miguu. Moto hukolezwa. Mapenzi hukolea, na ugomvi pia. Katika matumizi yote haya kuna jambo moja: kitu kilikuwapo tayari, kikaongezewa kiasi kidogo cha kingine au nguvu kidogo, tabia yake ikabadilika yote. Nionyesheni fasili fupi kuliko hii ya kile fosforasi inachoifanyia silikoni. Atomi moja katika milioni inatosha kubadilisha upitishaji wake kwa kiasi kikubwa.

Isitoshe, kukolea kuna kipimo ndani yake. Chumvi iliyopita kiasi haijakolea, imezidi, na mpishi yeyote hutenganisha maneno hayo mawili. Fizikia nayo hutenganisha. Fuwele za oksidi ya zinki zikimulikwa na kumulikwa, elektroni haziongezeki bila mwisho. Hufika kikomo, ambacho kwa ethanoli ni cha kiwango cha elektroni 10 kwa kipeo cha 20 katika kila sentimita moja ya ujazo. Fuwele yenye kipenyo cha nanometa 4 ina atomi zisizofika 3,000; kwa kikomo hicho hubeba elektroni 3 au 4. Yenye nanometa 12 hubeba karibu 90. Hapo fuwele imekolea, na jina langu linasema hivyo bila kuongezewa maelezo.

Hesabu hizo zinaonyesha pia kwa nini nuru inahitajika. Ukitaka kukoleza fuwele za nanometa 4 kwa atomi ngeni, kwa kadiri ile ya moja katika milioni, basi katika kila fuwele zaidi ya 300 ni moja tu itakayobahatika kupata atomi moja. Nyingine zote zitabaki kama zilivyokuwa. Katika ulimwengu wa vitu vidogo kiasi hicho, ulimwengu uliowapatia Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023, atomi ngeni ni ngumu kuziingiza na ni ngumu kuzigawa sawasawa. Nuru huzifikia fuwele zote kwenye chupa, na mwenye chupa huamua azimulike kwa muda gani.

Na kwa anayetaka ushahidi wa macho, upo. Oksidi ya titani ni ule unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za ukuta. Chembe zake ndogo sana zikiwa ndani ya ethanoli, hewa ikazuiwa, zikamulikwa kwa urujuanimno, hugeuka buluu. Elektroni zilizokwama ndani yake ndizo zinazoleta buluu hiyo. Kadiri zinavyoongezeka, rangi hukolea. Hapa kitenzi changu kinakuwa maelezo ya kile kinachoonekana ndani ya chupa. Fungua chupa, oksijeni ya hewa izichukue elektroni, na buluu hufifia.

Kwa tendo hilo la kurudisha nyuma, Kiswahili kinatupa neno jingine lililo tayari: kuzimua. Pombe kali huzimuliwa, uji mzito huzimuliwa. Fuwele iliyokolezwa ikifikiwa na hewa huzimuliwa. Koleza na zimua ni jozi ambayo wazee walituachia ikiwa kamili. Kamati ya uchafuzi italazimika kusema fuwele imesafishwa, na mwanafunzi atauliza ilisafishwa kwa maji gani.

Nageukia sehemu ya pili ya neno, nuru. Kwa nini isiwe mwanga? Kwanza, njia imeshachongwa. Usanisinuru limezoeleka madarasani na vitabuni, na kila mtoto aliyesoma habari za jani la kijani anajua kwamba nuru katika neno hilo ndiyo inayofanya kazi. Haisanisiwi, inasanisi. Ukolezinuru linafuata mpangilio huo huo: ukolezi unaoletwa na nuru. Pili, nuru ni neno lenye ukoo. Limetoka katika Kiarabu, ambako shina lake limezaa pia neno tunaloliita mnara, mahali pa kuwashia nuru. Mwanga nao una ukoo mzuri, pamoja na angaza na mwangaza, lakini mwanga ni mchawi pia, wingi wake wanga, na anachofanya usiku ni kuwanga. Istilahi inayoweza kuepuka utata na isiuepuke imezembea. Tatu, nuru hukubali kubanwa mwishoni mwa neno bila kiungo wala kistari, na istilahi inayosomeka kwa pumzi moja ndiyo inayodumu.

Mapingamizi nimeyasikia, na nitayajibu yote matatu.

La kwanza ni kwamba koleza ni neno la jikoni. Niliambiwa hivyo mbele ya watu, katika kikao cha walimu na watafsiri, na mtu ninayemheshimu kwa mengine. Kwa hilo simheshimu. Katika sentensi ile ile ambayo kwayo yeye huieleza dhana hii, hutumia pengo, ukanda na tundu. Pengo tunalo vinywani, ukanda tunauvaa kiunoni, tundu la kuku liko nyuma ya nyumba. Maneno hayo yamekubaliwa bila ubishi kwa sababu yamesema kweli. Kumbe neno la nyumbani huwa tatizo pale tu linapopendekezwa na mtu asiye na kiti kwenye kamati.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Wanakemia, wanasema, tayari wana ukolezi kwa maana ya wingi wa kitu katika kiasi fulani cha myeyusho. Ndiyo, na ndiyo sababu nimelichagua. Kiswahili hutenganisha tendo na matokeo: ukolezaji ni kitendo, ukolezi ni hali inayopatikana. Mwanafizikia anayefanya ukolezaji hupima nini baadaye? Hupima ukolezi wa elektroni. Maneno mawili, shina moja, na uhusiano wa sababu na tokeo unaonekana kwenye sura ya maneno yenyewe. Kiingereza hakina bahati hiyo. Kwake kitendo ni mchuzi na kipimo ni jambo jingine kabisa. Atomi inayoingizwa naiita kikolezo. Fosforasi ni kikolezo cha silikoni, kromiamu ni kikolezo cha yakuti, na nuru yenyewe, kwa namna yake, ni kikolezo cha oksidi ya zinki.

La tatu ni la wale wanaosema tuseme kuchaji kwa mwanga, basi. Hapa Songea, ambako kabla ya kuunganishwa kwenye gridi ya taifa kwa laini ya kutoka Makambako tulitegemea majenereta ya dizeli, kuchaji kwa sola ni lugha ya kila nyumba. Lakini katika sola paneli huzalisha na betri huhifadhi, vitu viwili vyenye waya katikati. Fuwele iliyokolezwa hufyonza nuru na kuhifadhi chaji yenyewe. Kuchaji kwa nuru litumike pale ambapo chaji iliyohifadhiwa inakwenda kutumika, kama kwenye kifaa cha kuhifadhi nishati. Ukolezinuru litumike kwa mabadiliko ya fuwele. Dhana mbili, majina mawili. Na wale wa dopu na fotodopu nawajibu kwa ufupi: sina ugomvi na mkopo. Elektroni ni mkopo, chaji ni mkopo, betri ni mkopo, na nimeyatumia hapa yote. Hukopa asiyekuwa nacho.

Hili halihusu wageni tu. Katika Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, utafiti wa utando mwembamba wa nusuvipitishi na wa zana za nishati ya jua ni wa miaka mingi, na ushirikiano wake na Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, unafahamika. Mwaka 2009 Nuru Mlyuka, pamoja na Gunnar Niklasson na Claes Granqvist, walichapisha matokeo ya kuingiza magnesi katika utando wa oksidi ya vanadi, ambayo hubadilika tabia kwenye nyuzi kama 68 za Selsiasi na huweza kutumika kwenye madirisha ya kuzuia joto. Kila asilimia moja ya atomi za magnesi ilishusha joto hilo la mabadiliko kwa takriban nyuzi 3, na utando ukapitisha mwanga zaidi. Magnesi iliufanya utando ule kuwa bora kwa dirisha la nchi ya joto. Mtanzania huyo akiombwa aieleze kazi yake kwa Kiswahili, kwa wazazi wa wanafunzi wake, je, aseme aliuchafua utando? Aseme aliutia dawa? Aseme aliukoleza kwa magnesi, na kila mtu ataelewa kwamba kilitiwa kidogo na kikaleta kikubwa.

Nililipeleka pendekezo hili kwa maandishi, pamoja na hoja zake, kwenye kikundi kimoja cha istilahi muda mrefu kabla ya rasimu hii. Lilipokelewa, na sikujibiwa. Sidai heshima ya kujibiwa mimi. Nadai kwamba hoja ijibiwe kwa hoja, maana istilahi inayotolewa bila sababu zake humfikia mwalimu kama amri, na mwalimu asiyeelewa sababu hurudi kwenye Kiingereza. Tazama kishikwambi. Wengi walilicheka, mpaka makarani wa Sensa ya mwaka 2022 walipobeba vishikwambi nyumba kwa nyumba na baadaye walimu wakakabidhiwa. Lilidumu kwa sababu kitu na jina viliingia mkononi pamoja. Fuwele za nanometa 4 hazitabebwa nyumba kwa nyumba, kwa hiyo jina lake halina msaada wa kitu chake. Litasimama kwa usahihi wake au litaanguka.

Matumizi ni mepesi: fuwele hukolezwa kwa nuru, zimekolea, zikizimuliwa hurudi zilivyokuwa, mwenendo ni ukolezinuru, kipimo ni ukolezi wa elektroni.

Rasimu bado ni rasimu, na kabla haijapigwa chapa kwenye kitabu cha kiada kuna nafasi ya kuifuta mistari miwili: uchafuzi-mwanga ukurasa mmoja, na utiaji uchafu, jina walilolipa doping ya kawaida, ukurasa mwingine. Pawekwe ukolezinuru na ukolezaji. Kamati ikiwa na neno bora kuliko hayo, ilitoe pamoja na sababu zake, kwa maandishi, kwa jina la aliyelipendekeza, ili sisi walimu wa huku tupate wa kumuuliza.